Lori Lililokuja Kimya

Jumapili ikishapita saa nane mchana, barabara ya kuteremkia Mang'ola ilikuwa ya watu. Miaka ile mafuta yalikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tunaisikia tu. Amri ilikuwa magari yalale mpaka Jumatatu. Basi Karatu nzima ilikuwa ikitoka nje kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, na wenye baiskeli walikuwa wakipanda katikati ya barabara, wawili wawili, watatu watatu, wakicheka ovyo.

Ni Jumapili ya namna hiyo Mwanamisi alipofundishwa baiskeli. Lembris alikuwa akikimbia nyuma yake, mkono umeshika kiti, akimwambia, "Angalia mbele, usiangalie tairi." Akaangalia mbele. Alipogeuka kumwambia asimwachie, alimwona Lembris amesimama mbali kule juu, mikono kiunoni, meno yote nje. Alikuwa amekwenda peke yake muda wote ule bila kujua. Hapo ndipo mapenzi yalipomwingia binti wa Mzee Shaabani, tajiri wa malori, kwa kijana wa Kimaasai kutoka Endulen ambaye mali yake yote ilikuwa na magurudumu mawili.

Jumapili hii hapakuwa na kicheko. Metui, rafiki wa Lembris, alikuwa amezikwa Alhamisi.

Lembris alikuwa amekaa juu ya ukuta wa karavati, baiskeli imelala majanini. Alipomwona Mwanamisi akija alisimama, na macho yao yakakutana kama yalivyozoea, halafu ya Lembris yakakimbia. Hilo halikuwa kawaida yake. Lembris alikuwa mtu wa kukutazama mpaka wewe ndiye uone haya.

"Umechelewa," alisema.

"Nimefungiwa ndani tangu Jumanne. Nimeponyoka mama aliposwali." Mwanamisi alifunga kanga yake vizuri. Alikuwa amejitayarisha kulia kifuani mwake, na sasa hakujua aanzie wapi. "Pole na rafiki yako."

"Tumeshapoa."

"Hamjapoa, Lembris. Hata wiki haijaisha."

Lembris aligeuza uso kuelekea barabarani. Upande wa kushoto wa barabara kilionekana kile kijia. Barabara yenyewe ilikuwa mawimbi matupu, inakutikisa mpaka unasahau jina lako, lakini pembeni yake baiskeli za wabeba vitunguu zilikuwa zimejichongea njia laini kama kigae, miaka na miaka, mguu kwa mguu. Madereva wakaiona. Dereva akiona pembeni kuna ulaini anaweka tairi la kushoto, kesho anaweka yote mawili, keshokutwa anakupigia honi wewe uliyeichonga na kukuita mpumbavu. Watu walitupwa korongoni na mizigo yao. Hakuna aliyeulizwa.

Lembris ndiye aliyekataa. Kwa shauri lake, kila jioni mwendesha baiskeli wa mwisho alikata matawi ya mgunga yenye miiba na kuufunga mdomo wa kijia, kama lango la boma linavyofungwa ng'ombe wakiisha kuingia, akiacha upenyo wa usukani tu. Madereva walikuwa wakiwaita wenye baiskeli kwato za mpira. Wao walikuwa wakiwajibu, "Washeni injini kwanza, mbona mnasukumwa na upepo?" Maana kwenye mteremko ule madereva walikuwa wakizima gari kabisa ili kubana mafuta, na lori la tani saba likawa linashuka kimya kama paka.

"Baba yako ameniita jana," Lembris alisema.

Mwanamisi alifikiri amesikia vibaya. "Baba? Amekuita wewe?"

"Amenipa kiti. Amenipa chai ya maziwa, akanitilia sukari kwa mkono wake."

Mwanamisi aliijua sukari ile. Ilikuwa kwenye mkebe uvunguni mwa kitanda na haikufunguliwa hata siku ya Idi.

"Akasema nini?"

"Akasema niwalete wazee wangu. Nikubali dini, basi. Mengine hana neno."

Kwa muda mfupi, na Mungu amsamehe, moyo wa Mwanamisi uliruka. Maneno hayo alikuwa ameyaota mara ngapi? Baba huyu huyu ndiye aliyesema mbele ya wageni, "Mimi nimpe binti mtu asiye na hata pampu yake?" Baba huyu huyu ndiye aliyeapa kwamba maiti yake itapita mlangoni kabla ya posa ya mwenye baiskeli. Akamtazama Lembris, akangoja atabasamu ili naye atabasamu.

Hakutabasamu.

"Na kesho?" Mwanamisi aliuliza polepole. "Kesho kwa balozi?"

Polisi walikuwa wameshakuja, wamepima, wameondoka na maneno ya Hasani, kaka yake Mwanamisi, aliyekuwa usukanini lori lilipomgonga Metui. Lililobaki lilikuwa neno la mtu aliyekaa kando yake. Patrisi, balozi wa nyumba kumi, alikuwa ameomba neno hilo lisemwe kwanza mbele ya mama wa marehemu, ndipo lipelekwe kituoni. Na mtu huyo alikuwa Mwanamisi.

"Kesho useme Metui alikuwa katikati ya barabara," Lembris alisema. Alikuwa anaongea na spoki za baiskeli. "Useme injini ilikuwa inawaka. Na honi ilipigwa."

"Ni baba anayesema hayo?"

"Ni mimi."

Upepo ulipita. Kwa mbali watu walikuwa wakiimba, walevi wa Jumapili.

"Hujaniuliza nilichoona," Mwanamisi alisema.

"Usiniambie."

"Hasani alisimamisha gari kule juu. Akateremka akavuta miiba kwa mkono wake, akaitupa..."

"Mwanamisi, nimesema usiniambie."

"Kwa nini hutaki kusikia?"

"Nikisikia nitakuwa nimejua." Sauti yake ilikatika. Akamshika vidole, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Nisikilize. Metui hafufuki. Ukisema hivi au ukisema vile, hafufuki. Miaka mingapi nimekata miiba mimi? Nimepigwa, nimevunjiwa rimu, nimelala mahabusu kwa ajili ya hiki kijia. Watu wananiita mwenyekiti, mwenyekiti, halafu jioni kila mtu anakwenda kwa mke wake, mimi nakwenda kuziba pancha. Nimechoka. Mara hii moja nataka kitu kiwe changu."

"Mimi ndiye hicho kitu?"

"Wewe ndiye."

Hakuna mwanamke ambaye hangetaka kuambiwa vile na mwanamume aliyempenda. Mwanamisi aliyapokea maneno yale, akaona utamu wake, na chini ya utamu akaona kitu kingine, kama mchanga kwenye wali.

"Nani alifunga miiba jioni ya Jumatatu?" aliuliza.

"Mimi."

"Ulikuwa unasema anayeivuta ni sawa na aliyevunja lango la boma la mama yako."

"Nilikuwa nasema."

Mwanamisi akatoa vidole vyake mkononi mwa Lembris, taratibu, bila hasira. "Ngoja nirudi. Mama atakuwa amemaliza."

* * *

Mama yake, Mama Mwamini, alikuwa hajamaliza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na tasbihi mkononi, na Hasani mbele yake ameunyosha mkono wa kulia. Kiganja kilikuwa kimevimba mpaka vidole havikunjiki. Mama alikuwa anakifunga kwa kipande cha kanga.

"Jeki imemponyoka," Mama Mwamini alisema kabla hajaulizwa.

Hasani hakumtazama dada yake. Tangu Jumanne alikuwa hali, halali. Alikuwa na macho ya mtu aliyeibiwa.

"Mwanangu," Mama alisema, "mimi sikufundishi la kusema. Ila huyu nimemzaa mimi."

"Na yule Metui, mama?"

"Na yule ana mamake. Kila mtu na alie kwa wake."

Mzee Shaabani aliingia, kofia mkononi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikaa kwenye kiti chake akamwita binti yake karibu, akamwita mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo.

"Mama, unajua mimi nilikujaje Karatu? Kutoka Kondoa kwa baiskeli. Nilibeba chumvi kwa miguu hii mpaka mapaja yakawa mawe. Lori lile limetoka kwenye mapaja yangu. Hasani akifungwa, lori linakamatwa, sisi tunarudi kwenye chumvi. Na wewe unarudi kumwangalia yule kijana dirishani." Akamgusa shavu. "Neno moja tu, mama. Kila mtu anapata chake."

Mwanamisi hakulala vizuri, lakini alipoamka alikuwa ameamua. Alikuwa ameamua kusema lile walilomtaka aseme. Tusimhukumu upesi. Walikuwa wamemwekea mezani mama yake, kaka yake na mpenzi wake kwa pamoja, na upande wa pili waliweka kaburi.

* * *

Uwanja wa Patrisi ulijaa asubuhi. Waendesha baiskeli walizilaza baiskeli zao kwenye ua wa minyaa na kukaa chini, Lembris mbele yao. Madereva walisimama upande wa pili, wameegemea ukuta wa nyumba, wakipasiana sigara moja. Katikati, juu ya kigoda, alikaa Naserian, mama yake Metui. Alikuwa ametoka Kakesio kwa miguu. Masikio yake yalikuwa matupu. Shanga zote alikuwa amezivua kwa msiba, na ndewe zake zilining'inia kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Hasani alisema yake. Alisema marehemu aliingia barabarani ghafla na mzigo wake wa unga. Alipiga honi. Injini ilikuwa inawaka, wanaosema vinginevyo wana chuki. Aliyasema kama mtu anayesoma.

"Honi ya nini?" sauti ilitoka kwa wenye baiskeli. "Ile yako si iliuzwa na betri?"

"Njoo uipige uone," dereva mmoja alijibu.

"Nitakuja na magurudumu mawili, utaniona kweli?"

"Nyamazeni," Patrisi alisema. Alikuwa Mwiraqw mfupi, mtaratibu, ambaye hakupenda kusema jambo mara mbili. "Binti, simama. Sema uliloliona."

Mwanamisi alisimama. Kwanza alimtazama Lembris. Alitaka amtazame tu, hata mara moja, ampe lile jicho la Jumapili ile ya kwanza. Lembris alikuwa ameinama anachokonoa katambuga yake ya tairi.

"Shikamoo, balozi. Mimi... nilikuwa ndani ya gari. Metui alikuwa..."

"Ngoja," Naserian alisema.

Patrisi akamtazama, akamwita mama kwa lugha yake. "Yeyo, mwache aseme kwanza."

"Mimi nauliza kidogo tu. Kiswahili yangu si mingi." Alimgeukia Mwanamisi, na macho yake hayakuwa na hasira yoyote. Ingekuwa heri yangekuwa nayo. "Mtoto, wewe ndiyo uliona yeye mwisho. Iliita mimi? Ilisema nini?"

"Hakusema kitu, yeyo."

"Hata kulia?"

"Hakulia. Hakusikia..." Na hapo Mwanamisi akanyamaza, kwa sababu neno lilikuwa limeshatoka.

Naserian akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza ng'ombe wa mbali. "Gari kubwa hivi. Nyuma yake. Hakusikia?"

Kule ukutani mtu alisahau kuvuta sigara yake. Mwanamisi aliuona tena mgongo wa Metui, fulana ya kijani imelowa jasho, kofia imegeuzwa nyuma, anapiga mluzi. Ndiyo, alikuwa anapiga mluzi. Ule mluzi ulisikika mpaka ndani ya lori kwa sababu ndani ya lori hapakuwa na sauti nyingine yoyote. Halafu unga, mweupe, ukapanda juu kama moshi, na watu wakaja na masufuria wakauchota pamoja na udongo.

"Halikuwa na sauti," alisema. "Lilizimwa kule juu."

"Mwanamisi," Mzee Shaabani alisema.

"Alikuwa anapiga mluzi, yeyo. Alikuwa kwenye njia yao. Sisi ndio tuliomfuata huko."

"Anadanganya," Hasani alisema, lakini sauti haikutoka vizuri. "Miiba ilikuwepo. Ningepitaje?"

Mwanamisi akamgeukia. Alikuwa kaka yake. Ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka madrasa siku za matope. "Kaka," alisema, "wafungulie mkono."

Hasani akaurudisha mkono nyuma.

Hakuna aliyemkamata. Ni Naserian aliyeinuka kwenye kigoda, akamwendea, akautoa mkono ule nyuma ya mgongo wake kama unavyomtoa mtoto mahali alipojificha. Akaufungua ule utepe wa kanga. Akakibonyeza kiganja kwa kidole gumba, hapa na hapa, akainusa ile nundu.

"Hii mwiba ni ya oltepesi, ile mgunga," alisema. "Imevunjika ndani. Mimi nafunga boma kila siku na hii, tangu mimi msichana. Najua."

Halafu akafanya jambo ambalo waliokuwepo hawakulisahau. Alikaa chini, akamvuta Hasani akae, akauweka mkono wake juu ya paja lake, akaanza kuukamua kwa kucha. Hakuwa na haraka. Usaha ukatoka, damu ikatoka, na mwisho akaushika mwiba mweusi, mrefu, akauweka juu ya jani mbele ya Patrisi.

"Usipotoa, mkono itakufa," alimwambia Hasani.

Hasani akalia. Alilia kama mtoto, kichwa magotini mwa mwanamke yule. "Nilikata tairi mbili kwenye ile miiba, mama. Tairi hazipatikani. Nikasema leo napita. Nikakanyaga breki, haikushika. Gari limezimwa, haikushika."

Mama Mwamini alijifunika kanga uso mzima. Mzee Shaabani akavaa kofia yake na kuondoka uwanjani bila kumuaga mtu.

* * *

Hasani alichukuliwa siku ile ile. Kesho yake ikatoka amri kwamba magari yasikanyage tena kile kijia, na wenye baiskeli wakapewa ruhusa wazike mawe makubwa pembeni, wayapake chokaa. Waliimba mchana kutwa wakibeba mawe. Walimbeba na Lembris begani. Wakasema ni yeye aliyempa binti moyo. Wakasema mapenzi ya kweli ndiyo hayo.

Mwanamisi aliyasikia hayo akiwa amekaa juu ya sanduku lake. Shangazi yake alikuwa Mang'ola, kwenye vitunguu, na shangazi alikuwa amemtafutia mume, mwanamume mmoja mtu mzima aliyefiwa na mke, mwenye mashine ya maji. Mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Baba yake alimwambia kwa maneno machache kuliko yale aliyotumia kuagiza dizeli.

Lori lilikuwa limerudishwa na polisi, dereva wa kuazima hawakupata, kwa hiyo Mzee Shaabani aliendesha mwenyewe. Walipofika njia panda kundi la waendesha baiskeli lilikuwa linapumzika. Lembris akaja mbio dirishani, chokaa mikononi hadi kwenye viwiko, na nyingine shavuni.

"Mang'ola si mbali," alisema akihema. "Nitakuja Jumapili. Kila Jumapili, baada ya saa nane. Hakuna wa kunizuia, Mwanamisi, njia sasa ni yetu."

Mwanamisi alimtazama. Uso ule alikuwa ameupenda kuliko uso wake mwenyewe kwenye kioo, na hata sasa, mkono wake ulitaka kumfuta ile chokaa shavuni.

"Umewaambia?" aliuliza, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Niwaambie nini?"

"Ulichoniomba pale karavatini."

Lembris alifungua mdomo. Nyuma yake wenzake walikuwa wakipiga vigelegele vya kiume, wakimtania, mmoja anamwita shemeji. Akageuka kuwatazama, akarudi kumtazama Mwanamisi, akaanza kujipangusa chokaa viganjani.

"Basi mimi sitawaambia," Mwanamisi alisema. "Lakini usije."

Lori likaondoka. Mzee Shaabani akabadili gia. Walipofika kichwa cha mteremko, pale miiba ilipokuwa, mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo kwa mazoea ya miaka yote ile.

"Baba, usizime."

Akazima.

Injini ikakata roho, na ule ukimya ukaingia, ule ule. Lori likaanza kukusanya mwendo. Mbele yao, kando ya mawe meupe ambayo chokaa yake haijakauka, baiskeli zilikuwa zikishuka moja moja, migongo imeinama, na vijana waliotoka njia panda walikuwa wamepita njia ya mkato na kuwatangulia, Lembris akiwa wa mwisho. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Walikuwa wanaimba.

Mwanamisi akajinyosha juu ya mikono ya baba yake, akaweka kiganja juu ya honi, akabonyeza. Baba akamsukuma. Hakukiondoa. Honi ililia mteremko mzima, kali, ndefu, mpaka ndege wakatoka korongoni, mpaka kila baiskeli ikajibana upande wa mawe na kila kichwa kikageuka.

Lembris akaweka mguu mmoja chini. Alipomtambua dirishani akatabasamu, akainua mkono juu kabisa na kuupunga, akidhani anaagwa.